Msumari Asiyekula Ufukweni

Miaka ishirini na sita Shehata alipiga watu kwenye ufukwe mmoja wa umma upande wa mashariki wa Iskandaria, na miaka yote hiyo hakula tonge pale mchangani. Hakula hata mbegu ya tikiti. Asubuhi alishindilia maharage yake nyumbani mpaka tumbo likakaza, na hakutia tena kitu mdomoni mpaka jua lizame na mabasi yaondoke. Wageni walidhani amefunga. Funga gani hiyo, na matusi yanamtoka kama maji ya bomba?

Sababu ilikuwa nyepesi. Kwetu ukishakula mkate na chumvi ya mtu, mkono wako umefungwa. Humpigi, humwibii, humwondoi alipokaa. Na wale waliokuja kupigwa na Shehata ndio walishaji wakubwa wa nchi hii: watu wa vijiji vya Delta ya Nile, wanaokodi basi bovu kwa siku moja, wanatoka kwao alfajiri na kurudi magharibi, maana kitanda cha Iskandaria hawakiwezi. Huja na kila kitu chao. Mkeka, mwavuli, jiko la gesi, bata wa kuoka, masufuria ya kabichi iliyojazwa wali, mpaka maji ya kunywa. Na watu hao hawawezi kula huku mtu anawatazama. Ukipita karibu umeshadakwa mkono: "Karibu, wallahi hupiti!" Shehata akipita hapo alishika pua na kuangalia baharini.

Viti na miavuli ya kukodisha ilikuwa ya Tajiri Lamlum. Kazi ya Shehata ilikuwa kuhakikisha kuwa mtu aliyekuja na mwavuli wake mwenyewe anajuta. Alitembea na chuma cha mwavuli, bomba refu lenye kutu, na alipiga chini ya goti, kwa sababu goti halitoi damu nyingi ila linatoa kelele, na kelele ndiyo inayowahamisha majirani. Mwalimu mmoja wa Damanhur alivunjwa taya mbele ya wanawe kwa kubishana juu ya kivuli cha hatua mbili. Na Shehata naye alipigwa, tusimwonee. Mgongoni ana alama tatu za chupa. Meno mawili aliyaacha mchangani kiangazi kimoja, mengine mawili kiangazi kingine. Mwaka wake wa kwanza wanaume wanne wa Tanta walimvunjia viti kichwani na yeye amesimama vilevile, hayumbi, ndipo wakamwita Msumari.

Lakini hata msumari unachoka. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na jioni hakuweza kuinua glasi ya chai mpaka mkewe, Inshirah, amshikie.

Sasa sikia. Alhamisi moja ya Agosti Tajiri Lamlum alimwita kibandani kwake juu ya ngazi, kando ya barabara ya pwani.

"Msumari, unaijua kona ya magharibi?"

"Naijua, tajiri."

"Miavuli arobaini. Iwe yako kuanzia kiangazi kijacho. Kesho nisafishie kile kipande cha bure, kabla ya sala ya Ijumaa."

Kipande cha bure ni hatua thelathini baina ya mfereji na mawe, kimeachwa kwa wenye miavuli yao. Hapo hata Shehata hajawahi kugusa mtu.

"Hicho cha serikali, tajiri."

"Na serikali inaoga hapa?"

Shehata akateremka ngazi. Usiku kucha hakuwaza kingine ila ile kona. Atakaa kwenye kiti, mwenye mali, na hatampiga mtu tena mpaka afe. Alfajiri hata maharage hayakumpita; alimwambia Inshirah kwamba leo ndiyo mara ya mwisho, na aliamini alichokisema.

Waliteremka watano, yeye mbele, na nyuma yake Bisila, mrefu mwembamba, aliyefundishwa na Shehata mwenyewe pa kupiga na pa kuacha. Familia mbili zilipoona vyuma zilifunga virago bila kuulizwa. Walibaki watu wa Hajat Nabawiya, kama thelathini, kutoka kijiji kimoja cha mkoa wa Kafr el-Sheikh, na mwavuli ulioshonwa kwa magunia ya unga. Hajat alikuwa bibi wa miaka sabini, mfupi, gauni jeusi limelowa mpaka magotini.

"Hajat, kusanyeni vyombo," alisema Shehata. "Hapa pamekodishwa."

"Pamekodishwa na nani, mwanangu? Siku hizi bahari ina mwenyewe?"

"Mchanga ndio una mwenyewe. Bahari kaogeni mpaka mchoke."

"Kwa hiyo tule tukiwa majini, kama vyura?"

Watu wake wakacheka. Mkwewe, Abdulmaqsud, mchinjaji mwenye shingo kama ya fahali, akainuka. "Kamwambie tajiri wako aje mwenyewe. Sisi hatuzungumzi na mbwa wa mlangoni."

Shehata alimpiga chini ya goti, na alipoinama akampiga begani. Mfupa ukalia. Abdulmaqsud akaanguka juu ya mkeka, juu ya mikate, damu ikaenea kwenye mikate. Wanaume wa kijiji wakaruka wote kwa pamoja. Mmoja wa watu wa Lamlum akamwagiwa birika la chai iliyokuwa ikichemka, akakimbilia majini akipiga mayowe ya kusikika barabarani. Bisila akapigwa tikiti zima usoni, pua ikapinda. Shehata akavunja mkono mmoja, akavunja meno ya mwingine, akazunguka na chuma chake watu wakirudi nyuma kama mbuzi, na akajiona anashinda. Hakumwona Rawhiya, mke wa Abdulmaqsud, aliyekuja nyuma yake na sufuria la kabichi, limejaa, la moto, kalinyanyua kwa mikono miwili. Akamshushia kichwani.

Alipozinduka, jua lilikuwa usoni na kichwa chake kilikuwa mapajani mwa mtu. Na mdomo wake ulikuwa unatafuna.

Hajat Nabawiya alikuwa anachovya mkate kwenye mchuzi na kumtilia mdomoni kwa vidole, polepole, kama anayemwachisha mtoto ziwa. Shehata alimeza kabla hajajua anameza. Kisha akajua.

"Umenipa nini?"

"Mkate, mwanangu. Umemwaga damu, na tumbo lako nimelisikia likilia. Mchuzi wa bata huo. Chumvi imezidi kidogo, nisamehe."

Rawhiya alikuwa pembeni anamfunga mumewe bega na huku analia kwa hasira. "Mama, unamlisha huyu?"

"Nyamaza. Ukimwangusha mtu unamwacha afe?"

Bisila alisimama anavuja damu puani. Aliangusha chuma chake mchangani. "Kala," alisema. "Basi, imekwisha."

"Funga mdomo!"

"Umekula, Msumari. Sote tumeona."

Shehata alikaa kitako. Alitaka kulia. Miaka ishirini na sita kaziba pua, leo, siku ya mwisho, siku yenyewe! Na baya zaidi, mkate ulikuwa mtamu. Alikuwa bado anaonja mafuta ya bata kwenye ufizi.

Tajiri Lamlum aliteremka ngazi na viatu vyake vyeupe. "Mbona mmesimama kama mko matangani?"

"Nimekula, tajiri."

"Umekula nini?"

"Mkate wao."

Lamlum akamtazama, akatazama saa yake. "Basi tapika."

"Nini?"

"Tapika, urudi kazini. Au kona nimpe mwingine?"

Shehata aliangalia kona ya magharibi, miavuli arobaini imepangwa, ya kijani na nyeupe. Akaondoka akipepesuka mpaka kwenye maji, akapiga magoti, akaingiza vidole viwili kooni. Mara ya kwanza yalitoka mate. Akaingiza tena, mpaka machozi yakamtoka, na nyuma yake ile sauti ya bibi ikimwambia, "Taratibu, mwanangu, utajiumiza." Mara ya tatu mkate ukatoka, ukaelea vipande vipande, vidagaa vikaja kuugombania.

Alinawa uso, akarudi, akaokota chuma.

Hajat Nabawiya alikuwa ameukumbatia mti wa mwavuli wake. "Rawhiya, kaa nyuma," alisema. "Mimi hanipigi."

Alimpiga. Wengine siku hizi wanasema aliteleza, wengine wanasema alilenga mwavuli. Uongo mtupu! Aliuona ule mkono, akaujua ni mkono gani, akapiga. Mfupa ulivunjika juu ya kifundo na kiganja kikaning'inia. Bibi hakupiga kelele. Aliutazama mkono wake, akasema, "Ee Mola wangu," akakaa chini.

Hapakuwa na vita tena. Watu wa Kafr el-Sheikh walimbeba bibi yao na Abdulmaqsud wao. Kisha familia ya jirani ikainuka, na ya jirani yake, hata waliokwisha kulipia viti, wakakunja mikeka. Adhana ya Ijumaa ilikuta kipande cha bure kimejaa viti vya Lamlum, na hakuna aliyekikalia hata kimoja. Mabasi mengine yalikuja alasiri, ya watu wasiojua kitu, na pakajaa.

Saa kumi Shehata alipanda kibandani. Alikuwa ameoga, nywele kazilaza juu ya jeraha, na mkononi ana sinia ya glasi mbili za chai, kwa sababu jambo la namna ile hufungwa kwa chai. Akamwekea tajiri glasi mbele yake. Lamlum hakuigusa.

"Nimekuja kwa ile kona, tajiri."

"Kona nimempa Bisila."

"Bisila? Bisila kaangusha chuma!"

"Ndiyo. Bisila nikimlisha, najua nimemlisha. Wewe nikikulisha leo, kesho akitokea wa kukuahidi miavuli hamsini, si utakwenda kutia vidole?" Akaisukuma glasi kwa ncha ya kidole. "Kaa na chai yako."

"Wewe ndiye uliyeniambia!"

"Nilikwambia. Nani alikwambia ukubali?"

Shehata alimtupia ile chai usoni, sinia ikafuata, na akamkaba koo. Aliwahi kumgonga kichwa ukutani mara mbili tu. Wale wanne waliingia, vijana wake mwenyewe, na walianza alipowafundisha kuanza, chini ya goti. Walimburuta ngazi nzima, kichwa kikihesabu kila kidato, wakammalizia mchangani kwa vyuma na kwa mateke, mbavu, mikono, mdomo, mpaka Bisila alipowaambia yatosha. Wakarudi zao juu.

Alilala pale baina ya mikeka ya watu. Jirani yake kabisa palikuwa na mama mmoja wa Mahalla aliyefika alasiri, anawapakulia wanawe. Alipomwona mtu ametapakaa damu alishtuka, akakata mkate, akauchovya kwenye mchuzi, akaja nao mbio.

"Masikini, mtoto wa watu! Kula, ndugu yangu, kula kidogo upate nguvu."

Shehata akafumbua mdomo.

Muuza bisi aliyekuwa anapita akainama akamnong'oneza mama yule sikioni, maneno machache tu. Mkono wake ukasimama hewani. Akamtazama Shehata, akautazama ule mkate. Kisha akarudi mkekani pake, akawapa wanawe, na akafunika sufuria.