Mkwe wa Mwenyekiti

Wanaume wote wa Nyarero wa enzi zile ukiwakusanya, hawamtoshi Wegesa mmoja. Nasema mimi mjomba wenu, niliyemaliza darasa la nne nikiwa na akili kumpita mwalimu, kwa hiyo msibishe.

Wegesa alikuwa mjane mrefu, sauti ya kukwaruza. Alizaa mabinti watupu, wakaolewa wakaondoka. Mumewe alipokufa, shemeji yake Magige, mvivu ambaye hata kivuli chake kilikaa muda wote, akaanza kulipima boma lake kwa macho. Wegesa akafanya kile ambacho sisi Wakurya tunamruhusu mama asiye na mtoto wa kiume: akatoa ng'ombe, akaoa msichana aitwaye Gati. Ndoa hiyo tunaiita nyumba ntobu. Watoto aliozaa Gati wakawa wa Wegesa, warithi wake. Magige akabaki kumeza mate.

Baba yake Gati alikuwa Wangwe. Ng'ombe wale aliwapokea akichekelea, akawaswaga hadi kwa wazazi wa msichana aitwaye Teresia na kumwolea mwanawe Ryoba. Kila mavuno alikuja kwa Wegesa kunywa pombe, akiitwa mkwe kwa heshima zote, na kuondoka akipepesuka.

Ikaja Operesheni Vijiji, mwaka wa sabini na nne, serikali ikatutoa kwenye maboma yetu ituhamishie kijiji kimoja. Wangwe akawa mwenyekiti wa kijiji, kwa sababu ya shati lenye mifuko minne, sababu nyingine siijui.

Kipindi hichohicho akaja Bwana Method kutoka Dar es Salaam, kuchunguza hali ya wanawake vijijini. Alilala kwa Wangwe, akala kuku wa Wangwe, na habari za wanawake akamuuliza Wangwe. Wanawake wenyewe walipita mbele yake na ndoo za maji kichwani, naye akawa anakunja miguu asilowe viatu.

Siku ya kugawa viwanja, Wegesa hakutajwa.

"Kiwanja ni cha kaya, na kaya ni mume," Wangwe akasema. "Wewe mama, na Gati, na watoto, mtakuwa chini ya Magige."

Magige tayari alikuwa ananyoosha miguu kama mtu aliyefika kwake. Angepata kiwanja, watoto na zizi, bila kutoka jasho.

Wegesa akasimama. "Shikamoo, mkwe."

"Hapa ni mkutanoni. Hapa sina mkwe."

"Basi nakuuliza mwenyekiti. Gati nilimuoa, au sikumuoa?"

Wangwe akamtazama Method. Mzee mzima akaona haya kwa ajili ya mtu mwenye viatu. "Mambo hayo ni ya kizamani," akasema. "Mwanamke haoi mwanamke."

"Sawa. Kama sikuoa, binti yako huyo hapo, mchukue. Na mimi nipe ng'ombe wangu."

Gati akamfunga mtoto mgongoni vizuri, akaja kusimama karibu na baba yake, kama aliye tayari kwa safari.

"Ng'ombe walishaondoka," Wangwe akasema, sauti imeshuka.

"Najua walikoenda. Wako kwa baba yake Teresia. Ryoba amrudishe mke, ng'ombe watatoka."

Watu wakacheka hadi wengine wakakaa chini. Ryoba, jitu zima lenye mabega, akasema kwa unyonge kutoka nyuma, "Baba, mpe mama kiwanja chake."

Method, ambaye hakuwa ameelewa kitu tangu afike, akainua kalamu. "Kwa hiyo kwenye kaya hii mume ni nani?"

"Andika Wegesa," Wangwe akasema. "Na usiniulize tena, bwana."

Kesho yake alipigilia vigingi vya kiwanja cha Wegesa kwa mikono yake mwenyewe, shati la mifuko minne limelowa mgongoni. Magige alitazama kutoka mbali, amekaa. Wegesa hakwenda; alikuwa shambani. Alimtuma Gati.

"Baba, bado," Gati akamwambia. "Kisima umekiacha nje."

Mwenyekiti akang'oa kigingi, akakisogeza.