Mchicha Uliozuia Dengi

Nimejaa hasira, na kwa haki kabisa zote ni juu yangu mimi mwenyewe. Hapa kwenye maabara yetu mjini Nizwa tunapima majani ya miti kama dawa ya homa ya dengi. Mimi nayakausha, Salum anayasaga, daktari anayajaribu kwa virusi.

Juzi hata mchicha wa sokoni, usio dawa, tuliouweka kwa kulinganisha tu, ulizuia virusi.

"Umeuchanganya na majani ya dawa, mjinga weye!" nikamfokea Salum. "Daktari, mfukuze!"

"Wallahi, Bi Zuwena, sikuchanganya."

Nikazidi kumtukana mpaka akavua koti la kazi aondoke. Daktari akainua sinia langu la kukaushia, akanusa.

"Bi Zuwena, mbona mchicha unanukia udi?"

"Majani yananuka, daktari," nikasema polepole. "Kila asubuhi nayafukiza udi, yote. Kumbe ni moshi wangu uliozuia virusi."

Salum akalivaa koti lake bila kunitazama.