Nadhiri ya Mahekalu Tisa

Usiku ule Sangwan hakulala, na kilichomuudhi kuliko vyote ni kwamba mumewe alilala. Khamsing alijinyoosha mkekani chini ya feni na kukoroma kama mtu asiye na deni na mbingu, ilhali binti yao Wilai alikuwa katika hospitali ya mkoa, mwendo wa saa mbili kwa gari, akijifungua mimba ya miezi saba. Simu iliwekwa juu ya mfuniko wa mtungi wa maji, mahali pekee ndani ya nyumba ambapo mtandao haukatiki. Sangwan alikaa mbele ya mtungi huo akiigusa kila mara, asije akakuta imezima.

Jirani yake, Bi Thongma, alikuja kumsaidia kukesha. Msaada wenyewe ulikuwa wa kumsimulia habari za watoto njiti wote aliowahi kuwasikia, na wengi wao hawakupona. Ilipofika saa tisa usiku Sangwan hakuweza tena. Aliinuka, akapiga magoti mbele ya rafu ya sanamu za Buddha, akaunganisha viganja, akafunga nadhiri kwa sauti iliyosikika hadi nyumba ya pili.

"Mtoto akizaliwa hai, na mama yake akawa salama, mimi Sangwan na mume wangu Khamsing tutakwenda kwa miguu kushukuru katika mahekalu yote tisa ya mji huu, kuanzia la juu ya mto hadi la chini, kabla jua la siku hiyo halijazama."

Kisha akayataja yote tisa, moja baada ya jingine, kwa mpangilio aliofundishwa na bibi yake akiwa mtoto, enzi ngoma za alfajiri zilipokuwa zikipokezana kando ya mto.

Saa kumi na moja simu ikalia. Alikuwa Decha, mkwe wao. Mtoto wa kiume, kilo moja na nusu. Wilai mzima. Mtoto yuko kwenye sanduku la kioo, na daktari amesema siku hii ya kwanza ndiyo ya kuangalia. Akiivuka, kuna matumaini.

Khamsing alishtuka usingizini. "Nani amekufa?"

"Funga mdomo wako! Umepata mjukuu. Amka uoge, tunakwenda mahekaluni."

"Tunakwenda? Mimi na nani?"

"Wewe na mimi. Nimekutaja."

"Umeniweka kwenye nadhiri bila kuniuliza?"

"Ulikuwa unakoroma. Ningemuuliza nani, feni?"

Bi Thongma alikuwa akihesabu kwa vidole. Alihesabu mara moja, akarudia, kisha akamtazama Sangwan kama mtu aliyeona nyoka kwenye kapu la wali.

"Mama Wilai, umetaja tisa."

"Ndiyo, tisa."

"Mji una nane. Umelitaja na Wat Tha Kok. Mimi nimesikia kwa masikio yangu haya."

Sangwan akakaa chini. Wat Tha Kok lilikuwa hekalu la mwisho, kule chini ya mto. Miaka kumi na moja iliyopita maji yalianza kuumega ukingo wake. Watawa wakagawanywa katika mahekalu mengine, sanamu ya Buddha ikabebwa hadi Wat Klang katikati ya mji, na ukumbi ukabaki umefungwa kwa kufuli, kona yake moja ikining'inia juu ya mto. Hakuna aliyekwenda kusali huko tena. Lakini mdomo wa Sangwan ulijifunza orodha ile kabla ya mto kujifunza njaa.

"Si kazi," alisema Khamsing huku akijikuna tumbo. "Sanamu iko Wat Klang. Tukifika hapo tunasujudu mara mbili, tumemaliza mawili."

"Nilisema hekalu, sikusema sanamu. Na nilisema hadi la chini ya mto. Wat Klang liko chini ya mto?"

"Huko juu wanaelewa, mama. Watatusamehe moja."

"Mjukuu wako anapumua kwa mashine, wewe unataka kupunguziwa! Nadhiri si kilo ya nyanya."

Alikata majani ya mgomba, akayasokota yakawa pia tisa zilizochongoka, za kutolea sadaka, na katika kila moja akatia maua ya manjano, mishumaa miwili na vijiti vitatu vya udi. Alizihesabu mara nne. Alipotoka nje alimkuta mumewe kibarazani akifunga kamba za viatu. Vilikuwa viatu vya ngozi vinavyopanda hadi juu ya kifundo, zawadi ya Decha, vyenye matundu ya kamba kumi na sita kila kimoja.

"Utavaa hivyo?"

"Si umesema kwa miguu? Njia ina mawe."

"Tunaingia mahekalu tisa, Baba Wilai. Tunavua viatu mara tisa."

"Basi nitavua mara tisa."

Na kweli alivua mara tisa. Katika hekalu la kwanza Sangwan aliwasha mishumaa, akasujudu mara tatu, akamtaja mtoto ambaye bado hana jina, akatoka, akamkuta mumewe anahangaika na kiatu cha kwanza. Katika la pili mbwa wa hekalu, ambao humwacha kila mtu apite, walimzunguka Khamsing na kubweka kama wanamjua. La tatu lilikwenda vizuri. Katika la nne palikuwa na kopo la vijiti vya bahati, na Khamsing hakuwahi kulipita kopo kama hilo maishani mwake. Alipiga magoti akalitikisa mpaka kijiti kikaruka: namba kumi na nne. Akaandika kumi na nne kiganjani kwa ajili ya bahati nasibu. Akatikisa tena apate tarakimu nyingine.

"Umekuja kushukuru au kuomba?"

"Nashukuru kwa mkono mmoja."

Wat Klang lilikuwa la tano. Walisujudu mbele ya sanamu ya hapo, na Khamsing akamwonyesha mkewe kwa kidevu ile sanamu ndogo ya Tha Kok iliyowekwa pembeni. Aliinua nyusi tu. Sangwan alijifanya hakuona. Alikuwa ameiona kabla yake, na kwa pumzi mbili hivi alitamani mumewe awe sahihi.

La sita ndilo lililowamaliza. Mtawa mkuu alikuwa anaezeka paa, na mtu anayeezeka paa hana mazungumzo mengine. Sangwan alikaa ameikunja miguu upande mmoja, viganja pamoja, akingoja mahali pa kuagia. Mtawa alipopumua, Khamsing akauliza, "Na vigae, mheshimiwa, vinatoka wapi?" Vigae viliwagharimu nusu saa. Walipotoka tu, Khamsing akasema njaa inamkata, na asingetembea tena bila supu ya tambi. Kibandani, Sangwan akiwa amekwenda kunawa, Khamsing alimpa muuza tambi simu ya mkewe aione picha ya mtoto iliyotumwa na Decha, kisha wateja wengine nao, kisha dada wa duka la jirani, wakaikuza na kuipunguza na kuikuza tena. Sangwan aliporudi na kunyoosha mkono ampigie Decha, kioo cha simu kilikuwa cheusi.

Akakifuta kioo kwa kiganja, akakifuta tena. Khamsing alimjua, akaona afadhali angetukanwa.

"Ilikuwa na chaji nyingi tu," alisema.

"Tangu asubuhi sijui kama anapumua," alisema Sangwan. "Na sasa sitajua mpaka turudi nyumbani. Inuka."

La saba na la nane waliyamaliza Sangwan akiwa mbele, Khamsing nyuma. Alipoinama katika la nane, kilichomjia akilini hakikuwa maneno ya sala. Kilikuwa kifua kidogo kama cha njiwa kikipanda na kushuka ndani ya kioo. Alikitazama kifua hicho kwa macho yake ya ndani, asidiriki kupepesa. Walipotoka jua lilikuwa limeshalainika, na pia ya majani iliyobaki ilikuwa moja.

"Ufunguo wa Tha Kok anao nani siku hizi?" aliuliza Khamsing njiani, kwa sauti ya kawaida mno.

"Mzee Phuang. Nani mwingine?"

Khamsing akasimama. "Phuang yule?"

Ndiyo, yule. Miaka kumi na miwili iliyopita, katika mashindano ya mitumbwi ya mwisho wa mvua, Khamsing alikuwa mshika usukani wa mtumbwi wa Wat Klang. Karibu na kamba ya mwisho mtumbwi wake uliyumba, ukakata mbele ya ule wa Tha Kok na kuuvunja omo, ncha yake ya mbele. Wat Klang walichukua kombe. Mtumbwi wa Tha Kok haukushindana tena, na mvua zilizofuata mto ukaanza kuumega ukingo wao. Watu wa Tha Kok walisema roho ya kike ikaayo katika mtumbwi ilivunjiwa heshima, ikaondoka na baraka zake, na aliyeitukana hajawahi kuja kuomba radhi. Khamsing siku zote alisema ni mkondo uliomsukuma. Na Sangwan, kwa miaka kumi na miwili, alilisema hilo hilo sokoni, mpaka akakosana na wauza mboga wawili na shemeji yake mmoja.

Mzee Phuang alikuwa kibarazani pake, hatua chache kutoka ukumbi uliofungwa, akichana mianzi ya kusukia vikapu vya wali. Kando yake, juu ya magogo, ulilala mtumbwi mrefu, omo yake imepasuka kama mdomo wa kibogoyo. Alimtazama Khamsing kuanzia viatuni hadi kichwani.

"Kumbe bado upo. Nilidhani mkondo ulishakusukuma hadi baharini."

Sangwan aliunganisha viganja na kuinamisha kichwa mpaka vidole vikagusa paji la uso. Alieleza yote: Wilai, kilo moja na nusu, kioo, nadhiri, mahekalu nane yaliyokwisha. Mzee alisikiliza bila kuacha kuchana mwanzi.

"Ufunguo ningekupa sasa hivi, mwanangu. Lakini utafanya nao nini? Ukumbi ule mwanamke haingii, hivyo ndivyo ilivyo tangu babu zetu. Utaishia chini ya ngazi. Ataingia nani?" Akaelekeza kisu kwa Khamsing. "Huyu? Huyu haingii."

"Mzee, mambo ya zamani hayo," alisema Khamsing. "Mkondo siku ile—"

"Mkondo tena!" Sangwan hakujua kama anacheka au analia. "Jua liko pale juu ya vilima, mtoto wa Wilai yuko kwenye kioo, sijui hata kama yu hai kwa sababu wewe umeonyesha simu yangu kwa mji mzima, na bado unaniletea mkondo! Omba radhi, Baba Wilai. Hata kama mkondo ndio uliokosa, uombee mkondo radhi!"

Akamtia mkononi ile pia ya mwisho.

Khamsing aliiangalia. "Hii si ya humo ndani?"

"Sina nyingine."

Akasogea, akataka kupiga magoti.

"Vua viatu," alisema mzee Phuang.

Matundu kumi na sita, na mengine kumi na sita. Mzee alichana mianzi mitatu. Sangwan alilitazama jua na hakuthubutu kutazama mahali pengine. Hatimaye Khamsing akapiga magoti akiwa peku, akainua maua kwa mikono miwili.

"Naomba radhi, mzee."

"Kwa lipi?"

Chini ya ukingo maji yalikuwa yakilamba udongo.

"Niliona nafasi," alisema Khamsing. "Vijana wetu walikuwa wamechoka, nyinyi mlikuwa mnatupita. Nikageuza kasia. Mto siku ile ulikuwa shwari."

"Shwari?" aliuliza Sangwan.

"Mama Wilai, tutazungumza nyumbani."

"Shwari! Miaka kumi na miwili mimi nagombana sokoni!"

"Nyumbani, nimesema."

"Tutazungumza. Tutazungumza sana."

Mzee Phuang aliweka kisu chini. Hakutabasamu, lakini kitu fulani kilimtoka mabegani. Aliyapokea yale maua kwa mikono miwili, kisha akamrudishia. "Si yangu haya. Mwenyewe yule pale." Khamsing akatambaa kwa magoti hadi kwenye mtumbwi, akayaweka juu ya omo iliyovunjika, akawasha mishumaa, akainamisha kichwa na kusema maneno ambayo Sangwan hakuyasikia. Aliona tu mgongo wa mumewe ukitikisika kidogo, akakasirika zaidi, maana asingeweza tena kumkasirikia vizuri.

Mzee alikuwa ameshatangulia na ufunguo.

Jua liligusa kilima. Kufuli lilikuwa na kutu nyekundu. Ufunguo uliingia, ukagoma, ukarudi, ukageuka. Mlango haukusogea. Mvua za miaka kumi na moja zilikuwa zimezivimbisha mbao.

"Sukuma," alisema Sangwan kutoka chini ya ngazi, mahali ambapo mwanamke anaruhusiwa kusimama.

"Nasukuma."

"Sukuma kama ulivyowasukuma wenzako!"

Mzee Phuang aliguna. Huenda kilikuwa kicheko. Naye akatia bega lake lililokonda. Walisukuma mara moja. Walisukuma mara ya pili. Mara ya tatu mbao zikalia, vumbi likaporomoka kutoka juu ya fremu, na mlango ukafunguka wote kwa ghafla hata Khamsing akaanguka ndani kwa mikono na magoti.

Ndani hapakuwa na sanamu. Palikuwa na kiti chake kitupu cha matofali, na nyuma yake, pale ukuta ulipokuwa, palikuwa na mto mpana wa rangi ya udongo, na jua zima limelala juu yake.

"Sakafu inanesa," alisema Khamsing bila kugeuka. "Na sina ua hata moja. Nifanye nini?"

"Usisimame!" Sangwan alikuwa ameshapiga magoti kwenye nyasi, viganja pamoja mbele ya kifua. "Umeshapiga magoti, na hayo yanatosha. Inama. Mara tatu. Na umtaje mtoto kwanza, kabla hujajitaja wewe."