Jenerali wa Musonoi

Asubuhi ya mwisho kabla hajaugua, mke wangu Adèle alikuwa anakaanga karanga. Jirani akapita: "Jenerali, leo tunapiga vita wapi?"

"Ndani ya sufuria!" Adèle akajibu. Tukacheka.

Jina hilo la Jenerali lilitoka kwa babu yake, aliyepigana Tabora upande wa Wabelgiji. Babu alimsimulia habari za jenerali wa Wajerumani aliyekaribia kuzungukwa, akatoa jeshi lake lote mjini usiku, yeye mwenyewe wa mwisho. Adèle alimpenda sana adui yule.

Siku moja walinzi wa mgodi walikuja kunyang'anya mawe ya shaba ambayo bamama walikuwa wanaosha kwenye mto Musonoi. Adèle akawaambia wenzake: "Mufunge vitambaa kiunoni, mukae chini, mulie!"

Walinzi wakaona matanga. Wakavua kofia. Bamama wakaondoka mmoja mmoja, mabeseni ya mawe kichwani yamefunikwa kama chakula cha kilio, mpaka akabaki Adèle peke yake.

Juzi tulimlilia yeye, kweli safari hii. Bamama walikatiza kilio kwa kicheko, wakirudia alivyomjibu kwa heshima mkubwa wa walinzi aliyeuliza nani amekufa: "Ni njala yetu, tata. Leo tunaizika."