Mnunuzi wa Ndengu Mkutanoni

Mnunuzi wa ndengu wa soko la Kyuso hapimi unyevu kwa mashine. Hung'ata punje moja, ndipo aseme bei. Kwenye mkutano wa wazazi, mwalimu alisoma fomu ya matokeo mbele yetu sote kwamba, kwa mtihani wa kaunti nzima, binti wa mnunuzi huyo, wa Gredi ya Tatu, yuko mbali na matarajio. Mama huyo hakubisha. Alitoa punje ya ndengu mfukoni.

"Mwalimu, ng'ata hii."

Mwalimu aling'ata. "Bado ni laini, mama, haijakauka."

"Hiyo mimi siiti mbaya. Namwambia mkulima aianike tena. Huyu wangu ana miaka minane."

Akaketi, akajipangusa mikono kwenye leso. Fomu iliyofuata ilikuwa ya mtoto wangu. Mwalimu hakuisoma kwa sauti.