Mto Niliouleta Al-Rawdah

Ukiuliza habari za maji Kitengela utaelekezwa kwangu. Yale malori yenye matangi ya buluu ni yangu, na shule niliachia darasa la sita. Lakini kazi yangu kubwa kuliko zote niliifanya Jeddah, na hakuna aliyekunywa hata tone.

Wakati huo nililala mtaa wa Bani Malik na kuendesha lori la maji la kafili wangu, yaani tajiri aliyenidhamini kule. Siku moja nilipeleka maji nyumbani kwake, mtaa wa Al-Rawdah, nikamkuta mkewe, madam, na mgeni: bibi mmoja Mjapani, mtia rangi wa kimono, zile nguo zao za mikono mipana. Hariri yake ilikuwa imetandazwa ukumbi mzima. Ilikuwa mbaya, sitaficha. Buluu iliyokolea, imejaa magamba ya uji wa mchele uliokauka. Dada Mkenya aliyekuwa mfanyakazi mle ndani akaninong'oneza, "Hiki ndicho kimepanda ndege? Si ni kama mtoto ametapikia shuka?"

Kumbe bibi aliuchora ule uji kwa mkono wake, mstari kwa mstari, ili rangi isipite chini yake. Nguo ilingojewa Riyadh na mwigizaji wa Noh, mchezo wao wa kale ambao mtu huvaa uso wa mbao na kutembea kana kwamba hataki kuiamsha sakafu. Alisafiri kabla ya kuimaliza; ilibaki kuoshwa na kushonwa tu. Hapo ndipo pakawa na shida.

"Anataka mto," madam akasema. "Maji yakisimama, rangi inayotoka itarudi kwenye kitambaa. Halas, kimeharibika."

"Mto Jeddah? Mafi, madam, hakuna," dada akasema.

Bibi alikuwa amekaa chini, kiganja juu ya hariri, kama mtu aliyemshika mgonjwa.

Nikasema, "Madam, mwambie kesho asubuhi namletea mto."

Dada akacheka. "Kaka, utaubeba na nini? Na huo mdomo?"

"Na lori."

Nilijaza tangi kabla ya jua, maana maji ya adhuhuri kule yanaweza kupika chai. Nyumba ilikuwa na mteremko wa gari kushuka gereji. Nikautandika nailoni safi, nikapanga matofali kando, nikaliegesha lori juu getini. Bibi akafunga ncha ya kitambaa pale juu getini, akavua viatu, akanitazama.

"Yalla," akaniambia, yaani twende kazi. Sijui alifundishwa na nani.

Nikafungua koki kidogo, kisha nikaongeza. Hariri ikanyooka, ikaanza kuogelea. Bibi akaingia na brashi laini, akisugua kama anayemwogesha mtoto mchanga. Uji ukalainika, ukamomonyoka, ukaenda. Na chini ya kila gamba mkatokea mstari mweupe, mwembamba kama unywele, mmoja ukifuata mwingine, ukipinda, ukikutana na mwenzake. Alikuwa amechora mto! Maji yangu yalipita juu, mengine yakapita ndani ya kitambaa, nikashindwa kujua yapi ni yapi. Nimeona mengi mimi, na sishtuliwi ovyo. Siku ile niliiacha koki, nikashuka kutazama kwa karibu. Dada aliyenicheka alikuwa amekaa pale chini, miguu majini.

Majuma machache baadaye baba, yaani kafili, aliniruhusu niwaendeshe madam na bibi hadi Riyadh. Nikasimama nyuma ya ukumbi, karibu na mlinzi wa mlango, Mkenya mwenzangu. Mwigizaji akatokea akiwa amevaa ile hariri. Uso wake wa mbao ulikuwa na huzuni. Akauinua kidogo tu, na wallahi ule ubao ukakaribia kutabasamu. Kisha mkono wake ukapanda polepole, na mto ukaanza kushuka.

"Hayo maji ni yangu," nikamnong'oneza mlinzi.

"Maji gani? Bosi, umelewa?"

"Tazama mkono."

Akatazama. Mlango akausahau.