Mie Leo Nalipa

Mke wangu hataki niliseme jambo hili mbele ya wageni. Anasema watu wataona nimeanza kupotewa na akili. Basi nakuandikia wewe usiyenijua, ukiona nimepotewa hutapata hasara yoyote. Lakini lilitokea. Nililiona kwa macho yangu haya kabla hayajaingia mtoto wa jicho, jua halijazama sawasawa, na sikuwa na homa wala njaa.

Na nikwambie mapema, mimi sikuwa mtu wa kusadiki kila kitu. Kwetu Pemba kuku akifa ghafla watu wanamtafuta aliyemroga. Mimi nilisomea ualimu Unguja, nikarudi na kaptura nyeupe na filimbi shingoni, na mtu akinitajia shetani nilikuwa namuuliza shetani huyo kasoma mpaka darasa la ngapi. Vijana wa leo mnadhani dharau mmeianza nyinyi.

Skuli yenyewe ilikuwa upande wa Wingwi, vyumba vitatu vya udongo na paa la makuti. Zilikuwa zama za Mwingereza, ile miaka ya mwisho mwisho, vyama vimepamba moto mpaka watu hawazikani. Mwalimu mkuu alinipa hesabu na michezo. Michezo maana yake kiwanja kimoja kilichokuwa shamba la muhogo, milingoti ya goli ya boriti, kamba ya kuvutana tuliyoiazima kwa wavuvi, na ndimu na vijiko kwa watoto wadogo. Mistari ya kukimbilia niliichora kwa majivu. Kila mtoto alikuja na majivu ya jikoni kwao ndani ya kifuu, na asiyeleta alikwenda kuchota mchanga wa kurukia.

Kila mwaka skuli za upande ule zilikutana kushindania kikombe. Kikombe chenyewe kidogo, ukikitia chai hakimtoshi mtu mzima. Lakini sisi hatujapata kukishika, na mimi nilikitaka. Nilikitaka kuliko nilivyotaka mke wakati ule, niamini, na hapo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Nilikuwa na mtoto mmoja wa kunipa kikombe hicho. Jina lake Faki. Alikuwa na umri wa miaka kumi na minne hivi, mrefu, kimya, mtoto wa pekee wa Bi Time, mjane aliyekuwa akisuka mikeka pale kijijini. Faki alikimbia maili bila viatu, mdomo kaufumba, hata humsikii pumzi. Wiki moja kabla ya mashindano tulijaribu na skuli ya jirani, na mvulana mmoja wa kwao akamshinda kwa hatua mbili. Wenzake wakamtania njia nzima. Wakamwambia, "Faki, una deni hilo."

Siku ya mashindano ilikuwa kiwanjani kwetu, wiki mbili baada ya Idi. Asubuhi nilikuwa nimeinama nachora mistari, Faki akaja akasimama karibu yangu. Alikuwa anatazama chini, kama watoto wa kwetu wanavyozungumza na mwalimu.

"Mwalimu," akasema, "mie leo nalipa."

Nikacheka. Nikampiga begani kwa mkono wenye majivu. "Lipa, baba. Lipa, usibakishe hata senti."

Akasimama kidogo. Nadhani alitaka kusema neno jingine. Mimi nikainama nikaendelea na mstari wangu, naye akaondoka.

Wewe kama ni mtu wa pwani umeshaelewa. Mtu yeyote, mwezi wa Mfunguo Mosi, huu unaofuata Ramadhani, akisikia mwenzake anasema "nalipa," anajua kuwa huyo amefunga, analipa siku za Ramadhani zilizompita. Hata bibi kiziwi angejua. Faki alibaleghe mwaka ule, Ramadhani ile ilikuwa ya kwanza kwake kuwa faradhi, na homa ilimlaza siku tatu. Nilijua kuwa aliugua, mimi mwenyewe nilimwandika mgonjwa daftarini. Lakini akili yangu yote ilikuwa kwenye kikombe, na neno lile nikalisikia kama nilivyotaka kulisikia.

Maili ilikimbiwa saa nane mchana. Mizunguko minne. Faki aliongoza miwili, na mimi nilikuwa nakimbia pembeni nampigia filimbi. Mzunguko wa tatu, karibu na goli la upande wa bondeni, miguu ilimpinda akaanguka. Nilimwinua nikamtia maji mdomoni. Akauma meno, akageuza uso, maji yakamwagika kifuani. Hapo ndipo nilipojua. Nikamwambia, "Faki, kunywa, mgonjwa anaruhusiwa," lakini sijui kama alinisikia. Tulimchukua kwa kitanda mpaka barabarani tungoje gari ya kwenda hospitali ya Wete. Gari ilipofika haikuwa na kazi tena.

Alizikwa siku ile ile, kabla ya magharibi. Watu wa vyama vyote walikuja, hata waliokuwa hawasalimiani, wakapokezana jeneza bila ya kutazamana. Kabla ya kumtoa nyumbani Bi Time aliniita mlangoni. Mwalimu mkuu alikuwapo, na sheha wa kijiji, na wanawake nyuma yake.

"Mwalimu," akasema, "mwanangu hakukwambia kama kafunga?"

Ningesema kweli, yangekwisha pale pale. Ningelaumiwa, labda ningeachishwa kazi, na ningekuwa mtu. Lakini nilimwona mwalimu mkuu ananitazama, na sheha ananitazama, na ulimi ukaniponyoka.

"Hakuniambia, Bi Time."

Akaitikia kwa kichwa. "Nilimwagiza asubuhi. Nikamwambia, kamwambie mwalimu, asikukimbize. Ndo hakunisikia."

Wanawake wakambembeleza amridhie mtoto, maana anakwenda kaburini na radhi ya mama ndiyo mzigo wake mwepesi. Bi Time akasema, "Nataka kumridhia. Moyo haukubali. Kaniasi katika neno la mwisho." Kisha akaingia ndani akafunga mlango. Maiti ikatoka bila ya radhi ya mama yake, na mimi nilikuwa nimeshika mguu wa mbele wa jeneza.

Mwalimu mkuu akaniambia ajali haina kinga. Nikamshukuru, na usiku ule nikala na nikalala. Jambo hili linaniaibisha mpaka leo, kwamba nililala.

Alkhamisi iliyofuata nilibaki skuli kukusanya vitu vya michezo. Kulikuwa na mbuzi wa jirani kafungwa ukingoni mwa kiwanja. Jua limeshashuka kwenye minazi, mwangaza bado upo. Mbuzi akaanza kuvuta kamba, anavuta mpaka inamkaba shingo, hatoi sauti. Nikageuka kutazama anaogopa nini. Nikamwona Faki anakimbia.

Usiniulize kama nilimfananisha. Nilimfundisha mtoto yule miaka miwili, nitamfananisha na nani? Alikimbia kwenye mstari wa ndani, mdomo kaufumba. Alipita mbele yangu umbali wa hatua kumi na sikusikia mguu kugusa ardhi. Mzunguko mmoja, wa pili. Wa tatu, karibu na goli la upande wa bondeni, akaanguka vile vile, bega la kushoto kwanza. Akalala. Kisha akainuka, akajipangusa, akaanza kuja upande wangu.

Nilikimbia, ndugu yangu. Mwalimu wa michezo, na kaptura yake nyeupe, alikimbia mpaka akapoteza kiatu. Nikataka kusoma Ayatul Kursiy, ambayo naijua tangu nina miaka sita, nikawa nayarudia maneno ya kwanza tu. Mbuzi alikata kamba akanipita njiani.

Sikumwambia mtu. Nilijiambia ni huzuni, ni jua, ni uchovu. Wiki nzima nilifundisha hesabu kama kawaida. Unajua wazee wa kwetu wanasema usiku wa kuamkia Ijumaa roho za maiti hurudi kwao kutazama kama zimesomewa. Hurudi kwao, majumbani. Nikawa najiuliza kitandani: huyu nyumbani kwao ni hatua chache tu kutoka hapa, kwa nini amekuja kiwanjani?

Alkhamisi ya pili nilikwenda mwenyewe. Si kwa ushujaa, usinipe sifa nisizostahili. Nilikwenda kwa kuwa kumngojea nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Nilisimama pale nilipokuwa nimesimama siku ya mashindano. Majivu ya mistari yalikuwa yamebaki kidogo kidogo kwenye majani.

Akaja. Akakimbia, akaanguka, akainuka. Safari hii sikukimbia. Akasimama mbele yangu, karibu kama unavyosimama na mtu wa kumpa mkono. Hakuwa na jasho. Midomo ilikuwa imekauka, imepasuka, nyeupe pembeni. Begani kwenye shati kulikuwa na alama ya mkono wa majivu, vidole vitano. Alikuwa anatazama chini.

"Mwalimu," akasema, "mie leo nalipa."

Sauti ile ile, adabu ile ile. Nikaanza kulia. Nilielewa kwamba hakuja kunidai wala kunitisha. Mtoto alikuwa bado anafikisha maagizo ya mama yake, maana aliyetumwa kwake alikana kupokea.

Nikamwambia, "Nimesikia, Faki. Umefunga. Leo hukimbii. Nenda nyumbani, baba."

Akainua macho. Hapo tu ndipo aliponitazama.

"Mama hajafungua mlango," akasema.

Nikapepesa macho kwa machozi, na nilipotazama tena kiwanja kilikuwa kitupu. Adhana ya magharibi ikasikika kutoka msikitini.

Sikwenda kusali. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Time. Mlango ulikuwa umefungwa kweli, nikagonga nikapiga hodi mpaka akafungua. Alikuwa na taa ya kibatari mkononi. Nilipiga magoti pale kizingitini, nikamwambia kila kitu: asubuhi, neno, kicheko changu, na uongo niliousema mbele ya maiti ya mwanawe. La kiwanjani nilimwambia pia. Sikumficha kitu tena.

Alinisikiliza amesimama. Nilipomaliza akaniuliza, "Alisemaje? Nambie alivyosema hasa."

"Alisema, mwalimu, mie leo nalipa."

Bi Time akaweka taa chini. "Ndivyo nilivyomfunza," akasema polepole. "Nilimwambia ibada haitangazwi, usiende kujisifu mbele ya wenzako. Sema nalipa tu, mwalimu mwenyewe atajua."

Akakaa kizingitini pembeni yangu. Alilia kwa muda mrefu, kilio cha chini, na mimi sikuthubutu hata kusogeza mguu. Kisha akajifuta kwa ncha ya kanga, akageukia kule gizani, uwanjani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu, nimekuridhia duniani na akhera. Njoo ndani."

Mimi sikuona kitu. Lakini moto wa kibatari uliinama kuelekea ndani kisha ukasimama, na upepo haukuwapo. Bi Time aliuona pia. Akaitikia kwa kichwa.

Nikamwomba radhi na mimi. Nikasema, "Mama, na mie nisamehe."

Akanitazama bila ya hasira, naapa hapakuwa na hasira. "Weye leo siwezi, mwalimu," akasema. "Nenda kasali, magharibi inakupita."

Faki hakuonekana tena kiwanjani, si Alkhamisi iliyofuata wala baada yake. Mimi nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamwambia kweli, na mbele ya sheha nikairudia. Kazi hawakuninyang'anya. Walininyang'anya filimbi tu, na hiyo nilikuwa nimeshaitupa mwenyewe. Nilifundisha hesabu mpaka nikastaafu, na hata leo wajukuu wakishindana kukimbia uani naingia ndani.

Kila Idi nilikwenda kwa Bi Time. Alinipokea vizuri, tena vizuri kuliko jamaa zangu. Alinipa kahawa na vileja, akaniuliza hali ya mke wangu, akawaombea watoto wangu dua. Nikiinuka kuaga namuuliza, "Je, mama?" Naye hunijibu, "Bado, mwalimu." Miaka mingi. Yakaja Mapinduzi, watu wakahama, wengine hawakurudi, na mimi kila Idi nakwenda kujibiwa bado. Sikumlaumu. Alikuwa mtu mkweli, hakutaka kunipa neno ambalo moyo wake haukuwa nalo, na nadhani alijaribu.

Alipougua ugonjwa wa mwisho niliitwa. Alikuwa amekonda, amebaki macho. Nikamshika mkono nikamuuliza. Midomo ilicheza, nikainama mpaka sikio likamgusa. Naapa alikuwa anataka kusema kitu, lakini sauti haikutoka, na alfajiri yake akafariki. Sijui lilikuwa neno gani. Mke wangu anasema bila shaka lilikuwa radhi. Mke wangu ananipenda.

Basi wewe uliyenisikiliza, kama una mtoto, au unafundisha watoto wa wenzako, akija mtoto ameinamisha macho akakupa nusu ya neno, acha unachofanya umuulize nusu ya pili. Na maiti usimsingizie hata kwa kuokoa shingo yako. Mwenye kusingiziwa anaweza kurudi kukusemesha, na hilo utalistahimili, mimi nimelistahimili. Lakini aliye hai uliyemdanganya ataondoka siku yake, na akishaondoka hutakuwa na mlango wa kugonga.